ASIYEPIGA KURA, ALIPE AMANDI?



Neno tunalotaka kueleza katika numero hii lilianza hapa hapa masomoni, kwa jambo dogo. Mwanzo wa mwaka tulichagua msemaji wa wanafunzi. Kengele ililia, kisanduku kikawekwa mbele ya biro, karatasi zikagawanywa. Kumbe saa ya kuhesabu ilipofika, karatasi zilikuwa chache kuliko tulivyongoja. Katika kalasi moja (hatutaitaja, wenyewe wanajijua) hata nusu ya wanafunzi hawakuchagua. Aliyeshinda alishinda kweli, lakini tangu siku ile kila mara akisimama kusema, wengine wanamwuliza: "Wewe, nani alikuchagua?" Na yeye hana la kujibu.

Ndipo wakubwa wa kalasi za juu wakatoa shauri: mara nyingine, asiyepiga kura alete bidoni mbili za maji kwa jikoni la shule. Hapa Kibumba kila mtu anajua bidoni mbili za maji ni kitu gani. Udongo wetu ni mawe ya volkano. Mvua ikinyesha inapita chini, na kisipokuwa na sitani wala mabati ya kukingia, mtu anatembea mbali. Basi adhabu hii si mchezo. Wengine walipiga makofi, wengine walikasirika. Mkutano wa wanafunzi utakata shauri, na komite ilituomba sisi wa buletini tueleze kwanza: duniani wanafanya namna gani? Na katika inchi yetu? Tumeuliza, tumesoma, tumehesabu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. WALE AMBAO HAWAKUCHAGUA NI NANI?

Kabla ya kufungua vitabu tuliwatafuta wanafunzi wanne wa ile kalasi. Majina yao hatuyaandiki.

Wa kwanza ni msichana. Alituambia: "Mimi nilikuwa ku maji. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja, mustari ilikuwa murefu. Kufika masomoni, kisanduku kimekwisha kufungwa."

Wa pili ni kijana anayesukuma chukudu. Siku ile alishusha poro, mashu na viazi mpaka Goma, ili apate kumaliza minervali yake. "Kura haitanilipia minervali," alisema, lakini hakusema kwa ubaya.

Wa tatu alikuwapo masomoni. Alikuwa nyuma ya kalasi na wenzake, wanacheza mpira. Kwanza alisema alisahau. Kisha akacheka: "Na hata ningechagua, ingebadilisha nini?"

Wa nne alikuwapo vilevile, na hakusahau. Alitujibu wazi: "Bote bawili sikubapenda. Kunyamaza kwangu njo jibu langu."

Tunawaomba mwakumbuke hawa wanne mpaka mwisho wa maelezo yetu. Mtu akitazama kisanduku tu, wote ni sawa, maana karatasi yao haiko. Lakini sababu ni nne mbalimbali. Mmoja alizuiwa, mmoja alibanwa na maisha, mmoja alizembea, mmoja alikataa. Bidoni mbili zingewaangukia wote sawasawa. Na tena, yule wa kwanza kosa lake ni kuchota maji, na adhabu yake ingekuwa kwenda kuchota maji.

2. LAZIMA YA KURA NI KITU GANI?

Katika inchi kadhaa, sheria inasema kupiga kura si haki tu, bali ni lazima, kama vile kulipa kodi. Ubelgiji ilianza mwaka wa 1893. Australia iliweka sheria hiyo kwa uchaguzi wa inchi nzima mwaka wa 1924. Katika Amerika ya Kusini kuna inchi nyingi, kama Brazili, Peru na Bolivia.

Tuelewane vizuri. Sheria hiyo haimlazimishi mtu kumpenda fulani. Kura ni ya siri, na hakuna ajuaye umeandika nini. Kinacholazimishwa ni kufika, kuonyesha jina lako katika orodha, kupokea karatasi na kuitia ndani ya kisanduku. Ukiiacha nyeupe, hakuna atakayekuona. Kwa hiyo lazima ni ya miguu, haiko ya moyo.

Kule Australia kazi inaendeshwa hivi. Baada ya uchaguzi, biro ya uchaguzi inatazama orodha na kuona majina yasiyotiwa alama. Kila mtu wa namna hiyo anaandikiwa barua: "Hukuchagua. Sababu ni nini?" Akieleza sababu ya kweli na ya kutosha, kama ugonjwa, neno limekwisha. Asipokuwa na sababu, analipa dola 20 za kule. Akikataa kulipa, anaweza kupelekwa mahakamani, na pale malipo yanaongezeka.

Lakini tuangalie upande mwingine wa sheria ile, maana watu wengi wanausahau. Australia wanachagua siku ya posho, ili wafanyakazi wawe na nafasi. Mtu anayejua hatakuwapo anaweza kuchagua mbele ya siku, au kutuma kura yake kwa posta. Kuna biro za kutembea zinazowafuata wagonjwa hospitalini na watu wanaokaa mbali kabisa. Yaani serikali ile ilipomlazimisha mwananchi, na yenyewe ilijilazimisha.

Brazili nayo ina njia yake. Ni lazima kwa watu wa miaka 18 mpaka 70. Vijana wa miaka 16 na 17, wazee waliopita 70, na wasiojua kusoma, hao wanachagua wakipenda. Amandi yenyewe ni ndogo sana. Lakini mtu ambaye hakuchagua, hakueleza sababu, wala hakulipa, anaweza kunyimwa pasiporti, na hawezi kuingia katika kazi ya serikali mpaka atengeneze mambo yake.

3. WANAOTETEA LAZIMA WANASEMA NINI?

Wanasema kwanza kwamba inafaulu, na hapo hawadanganyi. Australia mwaka wa 1922, mbele ya sheria, waliochagua hawakufika 60 kwa mia. Mwaka wa 1925, baada ya sheria, walipita 91 kwa mia. Chile waliondoa lazima mwaka wa 2012, kisha wakairudisha mwaka wa 2022 kwa kura ya katiba, na watu kama 85 kwa mia wakafika. Na katika Flandria, upande mmoja wa Ubelgiji, waliondoa lazima kwa uchaguzi wa miji na vijiji. Mwaka wa 2018 walikuwa wamechagua zaidi ya 90 kwa mia, lakini mwaka wa 2024, lazima ilipokwisha, wakashuka mpaka kupita 60 kidogo tu.

Wanasema tena: tazameni ni nani anayebaki nyumbani pale ambapo kura si lazima. Mara nyingi ni vijana na maskini kuliko wazee na matajiri. Sasa mtu anayetafuta kiti ataongea na nani? Ataongea na wale wanaochagua. Hatapoteza wakati wake kwa mlango usiofunguka. Hivi maskini asipochagua anasahauliwa, na akisahauliwa anachoka, na akichoka hachagui tena. Lazima inaukata mzunguko huo.

Neno la tatu tumeliona sisi wenyewe masomoni: kiongozi aliyechaguliwa na wachache hana uzito. Msemaji wetu akienda kwa Bwana Prefe kuomba jambo, anaenda kwa jina la nani?

Maneno haya ni mazuri, na hatupendi kuyapitia juu juu. Mmoja kati yetu waandishi alianza kazi hii akiwa upande wa bidoni mbili.

4. WANAOKATAA LAZIMA WANASEMA NINI?

Wanasema haki ya kusema inakwenda pamoja na haki ya kunyamaza. Uholanzi walikuwa na lazima tangu mwaka wa 1917, wakaiacha mwaka wa 1970. Waliona kura ni haki ya mtu mwenyewe, na mwenye haki ndiye anayeamua kuitumia au kuiacha.

Wanasema tena: amandi haina uzito mmoja. Kiasi ambacho mwenye gari anakilipa bila kuhesabu, kwa mama anayeuza viazi kando ya barabara ni chakula cha watoto. Kwa hiyo sheria iliyotungwa ili maskini asisahauliwe inaweza kumgeukia maskini yuleyule.

Na wanasema: sheria isiyoweza kutimizwa inaharibu heshima ya sheria zote. Hapa mfano wa Misri unafundisha. Kule sheria inaruhusu amandi ya mpaka paundi 500 za Misri kwa asiyechagua. Mwezi wa 8, mwaka wa 2020, walichagua Seneti, na waliofika walikuwa kama 14 kwa mia tu. Wakubwa wa uchaguzi wakatangaza kwamba wale wengine, watu kama milioni 54, watapelekwa mbele ya waendesha mashitaka. Milioni 54! Mahakama gani ina viti vya kuwatosha? Hata Ubelgiji kwenyewe sheria bado iko kwa uchaguzi wa bunge, lakini ni zaidi ya miaka 20 sasa ambapo ni vigumu kumwona mtu akifuatwa na mahakama kwa sababu hakuchagua.

5. KATIKA KONGO YETU

Sasa turudi nyumbani. Ni ajabu kidogo: Wabelgiji, ambao kwao walilazimisha kura tangu mwaka wa 1893, huku kwetu hawakumpa Mkongomani kura yoyote mpaka mwaka wa 1957. Na mwaka ule ilikuwa tu katika miji michache, kama Léopoldville na Élisabethville, kwa kuchagua wakubwa wa mitaa. Mwezi wa 12, mwaka wa 1959, wakaleta uchaguzi wa mabaraza katika inchi. Chama cha ABAKO cha Joseph Kasa-Vubu kikawaambia watu wa Kongo ya Chini wasichague, kwa sababu walitaka uhuru wenyewe, si mabaraza. Watu wengi sana kule wakabaki nyumbani. Kunyamaza kwao kulisikika. Mwezi uliofuata, Januari 1960, viongozi wa Kongo walikuwa wamekaa Bruxelles katika Meza ya Duara, na pale tarehe ya uhuru ikakatwa: 30 Juni 1960. Hatusemi ni ABAKO peke yake walioleta uhuru. Tunasema kwamba kukataa kisanduku kulikuwa neno, tena neno zito. Kama kungekuwa na amandi siku ile, nani angestahili kulipa? (Na tukumbuke kwamba katika uchaguzi wa mwezi wa 5, mwaka wa 1960, waliochagua walikuwa wanaume peke yao. Mama zetu hawakukosa kwa uvivu.)

Kisha zikaja siku ambapo karibu kila mtu alichagua. Mwaka wa 1970, Mobutu alisimama peke yake. Mchaguzi aliwekewa karte mbili, ya majani mabichi ikiwa ya tumaini, na nyekundu ikiwa ya machafuko. Hesabu ya serikali ilitoa "ndiyo" zaidi ya milioni 10, na "hapana" 157 tu. Katika inchi nzima, 157! Baadaye, katika katiba ya mwaka wa 1974, kila Mzairwa alikuwa mtu wa chama cha MPR, apende asipende. Wazee waliochagua siku zile wanajua nguvu ya karte nyekundu mkononi mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kisanduku kilichojaa hakionyeshi sikuzote kwamba wananchi wanasikiwa. Kisanduku kinaweza kujaa kwa woga vilevile.

Leo katika Kongo sheria haimwadhibu asiyechagua. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 5, inasema kura ni ya wote, ni sawa kwa wote, na ni ya siri, na mchaguzi ni Mkongomani wa miaka 18, mume au mke. Tangu mwaka ule tumechagua prezidenti mara nne. Tazameni hesabu:

- 2006, mzunguko wa kwanza: walioandikwa walipita milioni 25, waliochagua karibu milioni 18. Ni 70 kwa mia.
- 2011: walioandikwa kama milioni 32, waliochagua karibu milioni 19. Ni karibu 59 kwa mia.
- 2018: walioandikwa zaidi ya milioni 38, waliochagua kupita milioni 18 kidogo. Ni karibu 48 kwa mia.
- 2023: walioandikwa karibu milioni 44, waliochagua kama milioni 18. Hata nusu haikufika.

Mtu akisoma kwa haraka atasema: "Wakongomani wameacha kuchagua." Lakini someni tena polepole. Waliochagua ni karibu hesabu ileile kila mara, milioni 18, milioni 19, milioni 18, milioni 18. Kitu kilichopanda ni orodha. Kwa nini orodha inapanda na kisanduku hakipandi?

6. KARTE YENYE KAZI MBILI

Jibu moja liko mfukoni mwa wazazi wetu. Kwa miaka mingi inchi yetu haikutoa karte ya kitambulisho kwa wananchi wote. Karte ya mchaguzi njo iliyochukua kazi hiyo. Unaionyesha kwenye barieri, unaionyesha ukinunua sim ya telefone, unaionyesha banki. Mtu asiye nayo anasumbuliwa njiani. Kwa hiyo siku za kuandikisha, watu wanalala kwenye mustari, na wengi kati yao hawafikirii uchaguzi hata kidogo. Wanatafuta karatasi ya kuwaruhusu kutembea katika inchi yao wenyewe.

Hiyo si sababu yote. Kuna vijana wengi waliofikia miaka 18 na ambao hawatumaini kitu. Kuna biro za kura zilizo mbali. Mwezi wa 12, mwaka wa 2023, biro nyingi zilichelewa kufunguliwa na zingine hazikufunguliwa siku yenyewe, mpaka siku za kuchagua zikaongezwa. Kuna vita. Lakini jambo la karte linatuonyesha hatari ya amandi. Mtu akisema, kama Brazili, "asiyechagua anyimwe karatasi za serikali," kwetu hapa maana yake ni nini? Ni kumnyang'anya mwananchi kitambulisho chake. Kule Brazili anayeadhibiwa anakosa pasiporti, hasafiri ng'ambo. Huku kwetu angeshindwa kushuka na viazi vyake mpaka Goma.

7. WALE WALIOTAKA KUCHAGUA WAKANYIMWA

Tumefika kwenye neno lililobadilisha mawazo yetu.

Uchaguzi wa 30 Desemba 2018 ulipokaribia, siku chache mbele, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo, hapa katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, pamoja na Yumbi katika Mai-Ndombe, hazitachagua siku ile. Sababu zilizotolewa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Ilikuwa zaidi ya wachaguzi milioni moja. Waliwekewa mwezi wa 3, mwaka wa 2019. Lakini prezidenti mpya aliapishwa 24 Januari 2019. Kwa hiyo walipochagua mwisho wa mwezi wa 3, walichagua wabunge tu. Kwa neno la prezidenti, sauti yao haikuhesabiwa.

Je, walikaa nyumbani? Hapana. Siku ileile ya 30 Desemba, Beni, watu kwa maelfu wakatoka. Wakajipanga mustari, wakanawa mikono juu ya Ebola, wakapokea vipande vya karatasi, wakachagua wao kwa wao. Walijua vizuri kwamba hakuna atakayezihesabu kura zile Kinshasa. Walichagua hata hivyo.

Miaka mitano baadaye, 20 Desemba 2023, inchi ilichagua tena. Mara hii uchaguzi haukufanyika katika Masisi na Rutshuru, na tena Kwamouth katika Mai-Ndombe, kwa sababu ya vita. Hayo si majina ya mbali kwetu. Rutshuru ni jirani yetu, barabara inayopita mbele ya shule ndiyo inayokwenda kule. Na sisi wenyewe wa Kibumba tunajua kukimbia: mwezi wa 11, mwaka wa 2022, vita ilifika hapa, familia nyingi zikashuka Kanyaruchinya na kulala chini ya shiti. Mwezi wa kwanza, mwaka wa 2025, vita ikafika hata Goma. Mtu anayekimbia usiku anachukua mtoto na sufuria. Karte inabaki chini ya godoro.

Sasa mwandike sheria ya amandi, na mwandike jina la mtu wa Rutshuru katika orodha ya wasiochagua mwaka wa 2023. Nani atamwandikia barua ya kumwuliza sababu? Na barua itafika wapi?

8. MAONI YETU

Hapa ndipo tunaposimama. Kupiga kura ni wajibu, hatutaki mtu aseme buletini inawapa wavivu ruhusa. Lakini wajibu huu ni wa pande mbili. Serikali ni mdeni wa kwanza. Inapaswa kuleta kisanduku karibu, kulinda njia, kufungua biro kwa saa iliyotangazwa, kuhesabu kwa haki na kutangaza kilichohesabiwa. Ikimaliza kulipa deni lake, hapo inaweza kumgeukia mwananchi na kumwuliza, "Na wewe?" Mdeni hamfungi mdeni mwenzake.

Kwa hiyo, kwa inchi yetu, sisi tunasema hapana kwa amandi. Na kama siku moja wabunge wataifikiria, tunataja mambo manne yanayopaswa kutangulia. Kwanza, kitambulisho cha mwananchi kitengwe na karte ya mchaguzi, ili adhabu isimfanye mtu kuwa mgeni kwao. Pili, mahali ambapo biro haikufunguliwa pasiwe na kosa. Tatu, karatasi nyeupe ihesabiwe na itangazwe, ili anayekataa wote awe na njia ya kusema hivyo bila kukaa nyumbani. Nne, mtu aulizwe sababu kabla ya kuadhibiwa.

Na kwa masomo yetu? Tuwarudie wale wanne.

Kwa msichana wa maji na kijana wa chukudu, dawa si bidoni mbili. Dawa ni kisanduku kuwafuata. Tunaomba kura isifanywe saa ya asubui peke yake. Kisanduku kipite katika kila kalasi siku mbili, asubui na mbele ya kutoka, na siku hizo zisiwe za soko. Hilo liko katika uwezo wetu, na halina gharama hata ya kipande cha chaki.

Kwa yule wa nne, aliyewakataa wote wawili, tunaomba karatasi nyeupe zihesabiwe na hesabu yao iandikwe kwenye ubao pamoja na kura zingine. Akikataa, akatae kwa karatasi, ili waliogombea wajue ni wangapi hawakuridhika. Mtu akikaa kimya nyuma ya kalasi, nani atamtenga na aliyelala?

Anabaki wa tatu, yule wa mpira. Huyu tumemzungumza sana sisi kwa sisi. Wengine kati yetu bado wanasema bidoni mbili zingemfaa yeye. Lakini hakuna aliyepata namna ya kuandika kanuni ya kumkamata yeye bila kumkamata yule msichana. Na swali lake, "ingebadilisha nini?", haliko la kijinga. Fimbo haiwezi kulijibu. Msemaji ndiye atakayelijibu, siku atakapoleta jambo moja tuliloliomba, na wote tukaliona. Mpaka siku ile tutamjibu kwa hesabu: kalasi yake ina kura nyingi kuliko tofauti iliyokuwa kati ya wagombea wawili. Angetaka, angechagua msemaji mwingine.

Na tuseme ukweli wote. Mmoja kati yetu waandishi wa ukurasa huu alikuwa katika mpira ule. Ndiye aliyeomba tuandike habari hii, na ndiye aliyehesabu zile milioni 18 mara mbili, akidhani amekosea.

Mkutano wa wanafunzi utakaa siku ya posho ijayo. Shauri la bidoni mbili litasomwa, na shauri letu la kisanduku cha kutembea litasomwa nyuma yake. Mjibu kwa kura. Anayeona tumekosa, atuandikie, tutalipiga barua yake katika numero inayofuata hata kama inatusuta. Hatutamdai mtu maji.

Wenu,
Waandishi wa buletini